Gobori la Babu Kijiko

Kila Ijumaa jioni nilikuwa nakata viraka. Si viraka vya kushonea suruali. Hivyo nilivikata siku nyingine zote, maana kazi yangu ilikuwa cherehani. Viraka vya Ijumaa vilikuwa vya gobori la mume wangu. Nilichukua shuka kuukuu la pamba, nikalichemsha, nikalianika, kisha nikakata vipande vya duara kwa kufuatisha kifuniko cha chupa ya dawa ya kifua. Kila kipande kilikuwa cha kuvalisha gololi moja ya risasi kabla haijashindiliwa mtutuni. Mume wangu alisema gololi isiyo na kiraka ni kama mguu usio na soksi ndani ya kiatu kikubwa: utafika, lakini utafika umechubuka.

Yeye ni fundi bunduki. Siku hizi amestaafu, lakini karakana yake bado ipo uani, nyuma ya jiko langu, na bado inanuka mafuta ya mashine. Kazi yake ilikuwa bunduki za kizamani, zile za kumiminiwa baruti mdomoni na kushindiliwa kwa ufito mrefu unaoitwa mdeki. Watu wa klabu ya shabaha ya mji wetu wanazipenda sana. Hawawindi nazo chochote. Wanatoboa karatasi, wanatoa moshi mwingi kuliko kuni mbichi, halafu wanakunywa chai.

Gobori lake mwenyewe ndilo la mwisho alilolitengeneza kuanzia mtutu hadi kitako. Alilenga nalo kwenye mstari wa karibu, mahali wanaposimama wazee, na ilikuwa nadra kukosa. Wenzake walipima baruti kwa kikombe cha shaba, yeye alipima kwa kijiko cha chai, tena si cha kujaa. Ndipo wakamwita Babu Kijiko. Walimuuliza kama amekuja kulenga au kukoroga chai, naye aliwaambia anakoroga, waende wakaonje kwenye karatasi yake. Waliporudi kutoka kwenye ubao wa shabaha waliomba wakishike kile kijiko.

Kisha macho yakaanza kufifia. Daktari wa macho alimwambia hayatarudi. Mume wangu hakulia wala hakulalamika, aliendelea kwenda klabu, na huko watu walikuwa wema kupita kiasi. Alipokosa, walimwambia amepata. Alipotoboa karatasi ya jirani, jirani alikaa kimya. Siku moja alirudi nyumbani akitabasamu, akaniambia kwamba wenzake wamekuwa waongo wazuri sana, na kwamba mtu akishaanza kudanganywa kwa upole namna hiyo, ni wakati wa kukaa kando.

Kukaa kando nako kuna sheria yake. Mwanachama akistaafu, bunduki yake ina njia mbili. Ama apatikane mrithi katika familia atakayelenga nayo vizuri kwenye mstari wa mbali mbele ya mwenyekiti, ama tundu lake la moto lizibwe kwa risasi ya kuyeyusha na itundikwe kwenye ukuta wa klabu, na isilie tena. Ukuta ule ni mzuri, umepakwa rangi, bunduki zimepangwa kwa heshima. Lakini mume wangu aliuita chumba cha maiti, na kila tukipita pale alikuwa anatazama upande mwingine.

Mrithi alijitokeza mwenyewe. Ni mjukuu wetu wa kike, binti wa binti yetu, fundi bomba. Ana mikono ya kazi na mdomo wa kazi pia. Tangu akiwa mdogo babu yake anamwita mchumba, na mimi namwita mke mwenzangu, basi jioni ile aliyoingia na mkoba wake wa spana na kusema yeye atalichukua gobori, nilimwambia ameshanichukulia mume, sasa anataka na mali. Akanijibu kwamba mume abaki naye mke mkubwa, yeye anataka gobori tu, maana halikoromi.

Babu yake alicheka hadi akajifuta macho. Halafu akasema taratibu, "Mchumba, usinionee huruma. Kama hulipendi, liache liende ukutani."

"Ningekuwa nakuonea huruma ningekuletea machungwa," mjukuu alisema. "Nifundishe."

Alimfundisha. Kumimina baruti, kuweka kiraka kilichopakwa mafuta, kuweka gololi juu yake, kushindilia polepole mpaka ikae, kuvisha fataki ya kuwashia baruti, kupumua, kulenga. Kwenye mstari wa karibu, na kile kijiko, mjukuu alitoboa karatasi vizuri tangu wiki ya kwanza. Mume wangu alikaa nyuma yake kwenye kiti cha kukunja na kusikiliza. Ana masikio ya ajabu. Alijua kwa mlio wa ubao kama gololi imepiga katikati au pembeni. Tulirudi nyumbani tumefurahi, tukinuka baruti sote watatu.

Shida ilianza tulipohamia mstari wa mbali. Baruti ya kijiko haikutosha. Gololi ilikwenda ikachoka njiani, ikaanguka kwenye nyasi mbele ya ubao kama mtu aliyekata tamaa. Kila mtu alisema jambo moja: ongeza baruti. Mume wangu pia alisema hivyo. Mjukuu akaongeza, na kweli gololi ikafika. Lakini ilifika popote ilipotaka. Moja ilipiga nguzo, nyingine ilipita juu ya ubao, nyingine hatujui ilikoenda mpaka leo. Akaongeza tena kidogo, mambo yakawa mabaya zaidi.

Mwenyekiti wa klabu alikuja kutazama. Huyu ni daktari wa meno, mtu mrefu, mpole, mwenye kunawa mikono kila baada ya dakika chache hata kama hajashika kitu. Alitoa kioo chake kidogo na taa, akachungulia mdomoni mwa gobori kama anavyochungulia wagonjwa. Nusura nimsikie akiliambia lipanue zaidi. Akasema mifereji iliyokatwa ndani ya mtutu ni mizima kabisa, safi, haina kutu, na kingo zake ni kali kama zimekatwa jana. Alisema haelewi. Kisha akamwekea mume wangu mkono begani, akamwambia hakuna haraka, majaribio ni mwisho wa mwezi, na kwamba ikitokea imeshindikana atalipatia gobori mahali pazuri ukutani, karibu na dirisha.

Alisema kwa wema. Lakini mume wangu alikunja kiti chake, akaniomba nimrudishe nyumbani.

Mezani alisukuma sahani yake kando, akaweka viganja vyake mbele yake kana kwamba anaviona. "Mtutu ule ndio wa mwisho nilioukata," alisema. "Nilidhani macho ndiyo yaliyotangulia kuniacha. Kumbe mikono ilitangulia, na mimi sikujua."

Niliishi na mikono ile miaka yote. Nilijua inavyoshika chuma na inavyoshika mtoto mchanga. Mitutu siijui, kwa hiyo nilimmenyea chungwa. Mjukuu alinitazama, mimi nikamtazama, na nadhani hapo ndipo tulipoamua, bila kusema, kwamba hatutaliacha jambo hili.

Mimi nilianza na kilicho changu, yaani kitambaa. Nilimwomba mjukuu aniokotee viraka vilivyotumika. Kiraka hakiendi mbali. Kikitoka mtutuni kinaiacha gololi na kuanguka chini mbele ya mlengaji. Akaniletea gunia dogo ndani ya mkoba wa spana. Niliviweka chini ya taa ya cherehani nikavipanga. Vile vya mstari wa karibu, vya baruti ya kijiko, vilikuwa vizima, vimeungua kidogo tu, na vina alama za mifereji kuzunguka, zimepangika kama mikunjo ya sketi. Vile vya baruti nyingi vilikuwa vimechanika vibaya. Tena havikuchanika kama kitambaa kilichooza. Kitambaa kilichooza kinaachia nyuzi ovyo. Hivi vilichanika kwa upande mmoja, mahali pa kila mfereji, kama nguo iliyonasa msumari na mwenye nguo akaendelea kukimbia.

Nilijaribu kitambaa kigumu zaidi, kile cha magodoro. Kikachanika vilevile, ila kwa kelele zaidi, alivyosema mjukuu. Basi kosa halikuwa la shuka langu. Nakiri nilifurahi kidogo.

Mjukuu alishika kiraka kimoja kilichochanika, akakigeuzageuza. Akaniuliza nini kinafanya msumari, kwa mfano huo wangu, uchane nguo. Nikamwambia kama msumari uko upande na nguo inakwenda polepole, mtu anageuka nao, hapati shida. Akikimbia, hawezi kugeuka tena; nguo inabaki kwenye msumari. Halafu akainuka, akaenda karakanani alikokuwa babu yake, nami nikamfuata na chai.

Alimwomba amweleze mifereji ile inakatwaje. Mume wangu anapenda kuulizwa. Alisahau huzuni yake, akatupeleka kwenye benchi refu, akapapasa mpaka akashika mti mmoja mnene uliolala pale, mti mgumu, mrefu, umechongwa mistari inayouzunguka kama nyoka anavyouzunguka mti. Alisema mti huo yeye anauita mwalimu. Mbele ya mwalimu unafungwa ufito wenye kisu kidogo, na kisu kinaingia ndani ya mtutu. Ukimvuta mwalimu kwenye benchi, mistari yake inapita katika meno ya chuma yaliyosimama hapa, naye analazimika kuzunguka huku anakwenda. Kisu kinafuata. Anavyozunguka mwalimu ndivyo utakavyozunguka mfereji, na ndivyo risasi itakavyozunguka ikitoka.

"Na kwa nini izunguke?" mjukuu aliuliza, ingawa nadhani alijua.

Babu yake alitafuta kwenye kisanduku cha takataka akatoa pia ya kuchezea watoto, aliyowahi kumtengenezea mama yake huyu binti. Akaizungusha juu ya benchi. Ilisimama wima, ikanguruma. Ikipungua kasi, alisema, itayumba, ikiacha kabisa italala. Risasi ni hivyo hivyo hewani.

Kisha akatueleza kwamba alikuwa na walimu wawili. Mwalimu mpole alizunguka mara moja tu katika urefu wa mtu mzima aliyesimama. Huyo alikuwa wa gololi. Gololi ni duara, haina kichwa wala miguu, haihitaji kuzungushwa sana ili itulie, na kwa msokoto huo wa taratibu unaweza kuipa baruti nyingi ikaenda kasi bila kuchubuka. Mwalimu mkali alizunguka mara moja katika urefu wa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Huyo alikuwa wa risasi ndefu, zile zenye umbo la ncha ya kidole gumba. Kitu kirefu kinapenda kupinduka, kwa hiyo lazima kizungushwe kwa haraka, na kwa kuwa ni kirefu kinaishika mifereji kwa mwili wake wote, hakiponyoki.

"Na hili gobori lilifundishwa na nani?"

"Na mpole. Mimi maisha yangu yote ni mtu wa gololi."

"Yuko wapi huyo mpole?"

Hapo alikwama. Alipapasa benchi, akapapasa ukutani. Mti uliokuwa pale ulikuwa mmoja. Alisema atakuwa amepotea, karakana imehamishwa vitu mara nyingi, na macho haya hayamsaidii kutafuta.

Mjukuu akasema kwao mabomba yana hesi, ile mistari ya kukazia, za aina aina, na ukizichanganya unaweza kukaza mpaka utoke jasho, maji yatavuja tu. Na fundi mwenye akili hasemi hesi ni za aina gani kwa kukumbuka. Anapima. Akaniomba kibanio cha nguo.

Nilimletea. Alifunga kitambaa ncha ya mdeki, kikakaza barabara ndani ya mtutu, kisha akabana kibanio changu chekundu upande wa mkononi, kikisimama wima kama mkono wa saa. Akaanza kusukuma polepole, akiuacha mdeki uzunguke wenyewe kwa kufuata mifereji. Alimwambia babu yake aweke vidole juu ya kibanio.

Mtutu wenyewe haufiki kiunoni mwa mtu. Kama ulifundishwa na mwalimu mpole, kibanio kingegeuka kidogo tu, kisifike hata chini. Kiligeuka kikalala. Kikaendelea, kikatazama chini. Kikapanda upande wa pili, kikasimama wima tena, na mdeki ulikuwa bado haujafika mwisho. Kidole cha mume wangu kilikisindikiza njia nzima. Nilimwona uso wake ukibadilika, kwanza ukakunjamana, kisha ukafunguka kidogo kidogo.

Mjukuu alipima kwa mkono wake. Mzunguko mmoja ulikuwa dhiraa, wala hauzidi.

"Mkali," alisema mume wangu. "Huyu kafundishwa na mkali."

"Na nani kakata?"

"Mimi hapa." Akaanza kucheka. Alicheka akashika benchi. "Mikono haikukosea. Imekata vizuri kabisa, ila imekata kitu kingine."

Hapo mambo yote yakajipanga. Gololi ndani ya mifereji ya mwalimu mkali inaweza kwenda, mradi iende polepole. Inapata nafasi ya kugeuka na kona. Ndiyo maana baruti ya kijiko ilifaa. Mume wangu, zamani hizo, alijaribu vipimo mpaka akapata kile ambacho gobori lilikipenda, akakishika bila kuuliza sababu, na watu wakamcheka. Ukiongeza baruti, gololi inakwenda kasi mno, haiwezi kugeuka tena; inakata moja kwa moja juu ya mifereji, inachana kiraka changu, inatoka haizunguki inavyotakiwa. Gobori halikuwa bovu. Lilikuwa linalishwa chakula cha mwingine.

Lilihitaji risasi ndefu. Lakini hatukuwa na kalibu, lile umbo la chuma la kuzimwagia, na mume wangu asingeweza tena kuchonga mpya. Mjukuu alisema mtu mmoja tu klabuni anatumia risasi ndefu za unene ule, naye ndiye mwenyekiti. Mume wangu akasema hawezi kumwomba mtu aliyekwisha kumpangia nafasi karibu na dirisha.

Mimi niliweza. Nilipeleka ujumbe kwa kutumia jino langu, ambalo kweli lilikuwa linanisumbua. Nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chake, mdomo wazi, sikuweza kusema. Alipomaliza nilimweleza kila kitu, kibanio na yote. Alinawa mikono mara mbili akifikiri. Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwetu, kalibu yake imefungwa ndani ya taulo jeupe la kliniki, na donge la nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kwa ajili ya kuzipaka risasi. Mume wangu alimuuliza kwa nini anahangaika, wakati ni yeye atakayelitundika.

"Ukuta wangu umejaa, mzee," alisema daktari. "Nisaidie nisipate kazi ya kupigilia msumari."

Alikaa, akanywa chai, akatuonyesha jinsi ya kuipasha moto kalibu kwanza ili risasi isitoke na makunyanzi. Aliomba pia aweke kidole kwenye kibanio mjukuu akilirudia lile jaribio, na alishangaa kama mtoto. Alisema alikuwa amechungulia mifereji ile kwa taa yake yote, akaona ni mizuri, wala hakuwaza kuuliza inaelekea wapi.

Asubuhi ya pili tulimwaga. Risasi ndefu zilitoka zinang'aa, mjukuu akazipanga kwenye trei yangu ya keki, ambayo tangu siku hiyo si ya keki tena. Tukaenda mstari wa mbali. Mjukuu akashindilia ya kwanza, bila kiraka safari hii, maana risasi ndefu inaishika mifereji yenyewe. Akafyatua. Ikapiga karatasi, lakini pembeni. Ya pili pia, pembeni upande mwingine. Tulipokwenda kutazama, mashimo hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, kama matundu ya vifungo.

Nilisema hivyo kwa sauti, kwamba mtu kaja hapa kutoboa matundu ya vifungo, na mume wangu kutoka kwenye kiti chake akauliza kwa haraka marefu kiasi gani. Nilimweleza. Akasema basi zinafika zimelala ubavu, zinayumba kama pia iliyochoka. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayemfahamu mchumba wake, umepima baruti kwa kitu gani?

Mjukuu akatazama mkono wake. Alikuwa ameshika kijiko. Mazoea yalikuwa yamemwingia, hata hakufikiri.

Babu yake alicheka tena. Alisema msokoto peke yake hautoshi. Risasi inazunguka kwa kadiri inavyokwenda, na ikienda pole inazunguka pole, hata kama mwalimu alikuwa mkali. Akavua kofia yake, akasema leo anakistaafisha kijiko. Daktari akatoa kikombe chake cha shaba mfukoni bila kuombwa. Mjukuu akapima kwa hicho, akaongeza kidogokidogo, akisimama kila mara kutazama karatasi. Matundu ya vifungo yakafupika, yakawa mayai, yakawa vifungo. Vifungo vikasogeleana.

Siku ya majaribio kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu habari ya kibanio cha nguo ilikuwa imeenea. Mume wangu alivaa shati nililompigia pasi. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, ameinamisha kichwa, na mimi nilisimama karibu naye kumsimulia, ila hakunihitaji sana. Mjukuu alipofyatua, moshi ukatanda, ubao ukalia kule mbali, mume wangu akaitikia kwa kichwa. Akafyatua tena. Mume wangu akanishika mkono. Hakuuachia mpaka mwisho.

Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kuleta karatasi. Hakusimama katikati ya watu kutangaza. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti, akachuchumaa na urefu wake wote, akashika kidole cha shahada cha mume wangu na kukipitisha juu ya karatasi, kutoka tundu hadi tundu. Yalikuwa yote katikati, na yote ya duara. Kiganja kimoja kingeyafunika. Baada ya hapo ndipo alipoinuka na kuwatangazia wengine, na watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alimuuliza mjukuu kama amekuja kulenga au kukoroga chai, akaambiwa chai ni ya babu, yeye anapika chakula kamili.

Jambo moja lilikuwa bado linamsumbua mume wangu. Nyumbani, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, alirudia kujiuliza kwa nini alimtumia mwalimu mkali, yeye mtu wa gololi. Mjukuu alimwambia aachane nalo, kazi imeisha. Nikawaacha wakibishana, nikaenda uani kuanua nguo.

Kamba yangu ya nguo inaishia kwenye mzabibu. Mzabibu ule niliupanda mwenyewe, na sasa ni mnene, umefunika ukuta wote wa karakana. Nilikuwa natafuta kibanio kilichoangukia majanini nilipogusa ile nguzo iliyouegemeza. Vidole vyangu vikaingia kwenye mstari uliochongwa. Mstari ule ulipanda taratibu, ukizunguka nguzo, na matawi ya mzabibu yalikuwa yameufuata kana kwamba yameelekezwa.

Nilisimama pale na shuka mkononi. Nilikumbuka. Mwaka wa gobori lile binti yetu alikuwa anamzaa huyu mjukuu, nami nilikwenda kukaa naye, nikamwachia mume wangu nyumba na mzabibu wangu mchanga. Niliporudi alinisimulia juu juu kwamba upepo ulivunja fremu na yeye akaupachikia mti mwingine. Nilikuwa na habari za mtoto, sikutazama ni mti gani.

Nilimwita. Alikuja na miguu yenye maji, mjukuu akimwongoza. Nikachukua mkono wake nikauweka kwenye nguzo. Aliupandisha, akaushusha, akafuata mstari.

"Mpole," alisema. Akafikiri kidogo. "Nilikuja kumchukua nikate mtutu. Lakini mzabibu ulikuwa umebeba zabibu zako za kwanza, na wewe ulikuwa bado hujarudi kuziona. Nikasema nitamtumia mkali, nitatengeneza kalibu ya risasi ndefu baadaye." Akacheka kwa pua. "Baadaye nikaletewa mjukuu wa kumbeba. Nikasahau."

Mjukuu alikuwa ameshashika nguzo kwa mikono miwili, anapima atang'oa upande gani. Alisema sasa wanaweza kukata mtutu wa gololi kama kawaida, yeye atavuta na babu atasikiliza. Mume wangu alimgonga mkono kidogo.

"Mwache hapo, mchumba. Kesho leta mti mgumu, nikufundishe kuchonga mwingine."

Mjukuu aliniuliza mimi mti mgumu unapatikana wapi, kwa kuwa wake wenza hawafichani kitu. Nikamwelekeza. Kisha nikampa shuka ashike upande mmoja, tukalikunja, na mume wangu akabaki amesimama pale, kiganja juu ya nguzo, akituuliza kama mwaka huu mzabibu umezaa vizuri.